Kochi la Watu Wawili

Usitazame kitambaa, Ondina aliniambia,
kitambaa ni nguo, na nguo huvuliwa.
Akapiga magoti ghalani kwa mzee Cossutta,
akalipindua kochi miguu juu,
akatia mkono tumboni.

Singa za farasi: kavu.
Springi tisa, moja imekufa.
Mguu wa nyuma una vitundu vya fukusi
lakini unga hautoki; wenyewe walishahama.
Mahameli ya rangi ya maini,
imepauka pale vichwa vya watu nisiowajua vilipoegemea.

“Ya kale dhahabu,” akasema Cossutta.
Nikajibu kimoyomoyo: dhahabu
haibebwi na wanaume wanne hadi ghorofa ya nne.
Nilikuwa mlangoni na kofia mkononi,
upepo wa Trieste ukinisukuma mgongo
kana kwamba nao umelipwa na muuzaji.

Tangu Tullio ahamie Melbourne
kila mtu alikuwa na kiti chake:
yeye na redio, mimi na gazeti,
kati yetu meza, na bakuli la funguo
za milango tuliyoisahau.

Fundi alikuja na misumari mdomoni.
Ile springi mfu, akasema, nibadilishe?
Ondina akasema, iache.

Sasa jioni tunaketi, huyu pembe hii, yule pembe ile,
wenye heshima zetu,
na kochi, taratibu, bila kutuuliza,
linatumwaga katikati.

“Bovu hili,” nasema, bega langu begani mwake.
Hainui macho kwenye ufumaji.
“Nililipima,” anasema.