Daftari la Nasra

Ukurasa wa kwanza: utepe wa hospitali ya Makadara,
jina langu, kisha "binti", wino umekwajuka.
Wa pili, nywele za arobaini
nimezikunja ndani ya karatasi ya halua;
bado zanukia iliki.

Unyayo niliupaka hina, akaruka.
Umetoka mdogo, umepinda, kama mkato.

Jino: tarehe tisa, stima imekatika Kisauni kote,
kidole changu kililiona kabla ya macho.

Hatua ya kwanza: Jumamosi,
kutoka kochini hadi kwenye gauni langu.
Hiyo nimeiandika kwa wino mwekundu.

Kadzo alinishikia gundi, kimya.
Ukuta wa jikoni ndio uliomsaliti:
alama ya mkaa karibu na mtungi,
na chini yake, kwa mwandiko wa darasa la pili,
"J4".

Jumanne. Nami nilikuwa zamu Changamwe,
nahesabu makontena ya watu.
Siku nne akambeba mgongoni, asimshushe,
ili niwe wa kwanza kuona.

Jumamosi sikuifuta.
Nimebandika ubavuni mwake kipande cha leso ya Kadzo,
pembe ile Nasra huinyonya akisinzia.
Kalamu nimempa yeye.