Daftari la Lori

Twalibu wa Shimanzi aliniapia, mkono kifuani:
"Bi Mishi, hili ni la kutia funguo tu, uende Malaba."
Kilomita laki tatu na elfu kumi, mita ilisema,
na mimi, karani wa godauni miaka kumi na tisa,
tarakimu nikiziona huziamini.

Fundi Mwadime hakuitazama mita.
Aliinamia pedali ya klachi,
akapapasa pale mpira ulipolika hadi chuma kikang'aa.
"Mita ina wenyewe wa kuirudisha nyuma.
Unyayo nani ataurudisha?"

Lakini hapo nilikuwa nishalipa.

Safari ya tatu, kilima cha Mazeras, saa nane usiku,
Ngumbao akanipigia simu: "Mama, linatoa moshi mweupe,
na oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa."
Nikadhani usingizi wamchezea.
Kumbe gaskiti ya kichwa imekatika,
maji na oili wamelala kitanda kimoja.

Kibaya chajitembeza, wahenga walinena.
Changu hata kujitembeza hakikuweza:
kilirudi Jomvu kimefungwa cheni nyuma ya lori la kokoto,
na cheni nikailipia, elfu kumi na nane.

Hapo ndipo nilipolifungua daftari.

Gaskiti, thelathini na nane. Kusawazisha kichwa, kumi na mbili.
Mkono wa fundi, ishirini na tano, na soda za vijana wake.
Tabo, themanini na tano, ya mtumba vilevile,
maana ile ya zamani shafti yake ilicheza kama jino la mtoto.
Nozeli sita. Mbovu zilikuwa mbili,
lakini Mwadime alisema hizo huzeeka pamoja kama wake wenza,
ukiwavisha wawili wanne watanuna.
Hamsini na saba.

Chesisi ilikuwa na rangi nyeusi, mpya, ya kumeremeta.
Akaigonga kwa nyundo, sikio kalitega:
ko, ko, ko,
kisha pu.
Pale pa pu akachora duara la chaki.
Chumvi ya huku haina haraka, wala haina likizo.

Si kwamba halikuniletea kitu.
Mfungo Sita lilikwenda Kampala mara mbili,
ada ya Fumo ikalipwa, nikanunua na friji.
Kisha klachi.
Kisha jani kubwa la springi, mbele ya mizani ya Mariakani,
na hewa ya breki iliyovuja usiku kucha ikipiga mluzi
kama mtu anayenidai.

Jumla sijaipiga. Karani mzima, jumla sijaipiga.

Lakini sasa nausoma moshi:
mweusi, dizeli haiungui yote;
wa buluu, oili yapenya kwenye ringi;
mweupe usiokoma hata injini ikipata moto,
uza mbuzi.

Jana amekuja kijana, Chengo, na bahasha ya chama chao,
watu saba, akiba ya miaka minne.
Lori limeoshwa, bodi imepakwa rangi, bado inanata.
Amelizunguka, amelipiga teke tairi,
kama nilivyolipiga mimi.
"Mama, halina shida?"

Maneno ya Twalibu yalinijia yenyewe,
yakakaa ncha ya ulimi, tayari, matamu:
ni la kutia funguo tu.
Mkopo wangu una miezi kumi na moja mbele.

Nilikuwa nammiminia chai.
Nikamsukumia kikombe.
"Iangalie rangi hii," nikamwambia.
"Ukichomoa dipstiki asubuhi, injini baridi, ukaiona,
usiwashe."
Nikalitoa daftari mtotoni mwa meza,
nikaliweka karibu na sahani ya mahamri.

Aliitazama ile chai muda.
Hakuinywa.
Akafunua, akalamba kidole, akafunua tena,
kisha akaniuliza
nozeli nilinunua duka gani.