Kiti cha Pweza

Bamvua. Vumawimbi maji yamepwa hadi mwambani.
Mize ana miaka mitatu na nusu.
Kaa kampita mshazari:
"Mbona yule hajui kutembea?"
Jongoo bahari akamgusa mara moja tu,
kidole akakipangusia shati la babake.

Kisha Shaame akaokota kitu chekundu, ncha tano,
akamwekea kiganjani: "Kiti cha pweza."

Mize akakigeuza. Chini, vijiguu vyatambaa.
Akanyamaza,
yeye asiyenyamaza hata akila.

"Na mwenyewe?"
"Katoka."
"Akirudi, atakaa wapi?"

Tukacheka sote, isipokuwa yeye.
Alichuchumaa dimbwini, gauni likarowa,
akakirudisha palepale,
akakielekeza baharini.

Jioni, garini, tukirudi Konde,
alikataa katakata mtu yeyote kukalia
nafasi ya dirishani.