Kisanduku cha "Hajui"

Fomu imetoka Mbeya mjini, ina visanduku ishirini na vinne.
Nimeagizwa: weka kazi mbili mezani,
moja kushoto, moja kulia, sema "chagua,"
kisha nyamaza.
Kunyamaza ndiyo kazi yenyewe.

Andongwisye ana miaka thelathini na minne.
Maneno yake hayajazi vidole vya mkono mmoja:
mama, chai, hapana,
na lile jingine ambalo hata kwao wanalibishania.
Mama yake alinikabidhi mlangoni, mwavuli unachuruzika:
"Huyu hana shida, mwalimu. Mpe chochote."

Chochote.
Chochote cha mwaka juzi kilikuwa kumenya viazi.
Cha mwaka jana, kukaa.
Vyote alivipokea kwa mikono miwili,
kama mtu aliyefundishwa adabu kabla ya kuulizwa njaa.

Siku ya kwanza: maharage ya kuchambua, mifuko ya kukunja.
Akashika mifuko.
Mifuko na miiko ya kusugua kwa msasa.
Akashika miiko.
Miiko na maharage.
Maharage!
Nikakuna kichwa. Mifuko imeifunga maharage,
miiko imeifunga mifuko, maharage yameifunga miiko:
ligi gani hii isiyo na bingwa?

Usiku, kwa taa ya simu, nikasoma mwandiko wangu upya.
Kulia. Kulia. Kulia.
Kesho yake nikahamisha vitu,
cha kushoto nikakipeleka kulia,
naye akakifuata huko huko.
"Basi hajui kuchagua," Bupe akasema kutoka jikoni,
"andika hajui, tunywe chai."
Na kisanduku hicho kipo, kidogo, chini kabisa,
hakihitaji hata sentensi.
Kalamu yangu ilishakaribia.

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Alhamisi iliangukia bati letu kwa kishindo
hata "chagua" yangu nikaiona tu midomoni, sikuisikia.
Kwa kuwa sikuwa na cha kusema, nikatazama.
Nikaona shingo yake.
Imepinda kulia, kuelekea dirisha,
kuelekea mfereji wa bati na pipa la bluu chini yake,
pipa limejaa, linafurika, maji yanakimbilia barabarani,
na sisi wote tumeketi tunahesabu maharage.

Nikaizungusha meza. Dirisha likawa kushotoni kwake.
"Chagua."
Mkono ukaenda kushoto.

Nikafungua mlango. Nikaweka ndoo mbili kizingitini,
nikajiziba mdomo kwa kiganja.
Alichota. Akapeleka jikoni, akarudi, akachota,
akajaza sufuria la Bupe, akajaza simtangi,
akaingia kwenye kitalu chini ya nailoni
ambako miche ya parachichi ina kiu huku nje kunanyesha
(nani mwingine alilifikiria hilo?)
akainywesha mmoja mmoja, kwa kikombe cha chai.
Dakika arobaini na moja.
Kwa maharage alidumu tatu.

Fomu haina mstari wa maji. Nikauchora pembeni kwa rula,
nikaandika kwa wino, kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini.

Jumatatu jua kali, miche imelegea,
nikamletea ndoo zake kama mtu anayeleta zawadi.
Akazitazama.
"Hapana," akasema.
Akapita, akakaa, akavuta mwiko na msasa,
upande wa pili kabisa na dirisha.

Nilimweleza mama yake jioni, kwa aibu kidogo:
kwamba tulishajua, kisha hatujui tena,
kwamba itabidi niulize kila siku,
kwamba sasa naandika kwa penseli.
Akanitazama kwa muda.
"Anapenda maji, halafu hataki kuamrishwa maji?"
Ndiyo, mama.
"Kama baba yake!" akasema, akacheka peke yake,
akamshika mwanawe mkono wakashuka mtelemko,
mwavuli wameusahau mlangoni kwangu.