Mguu wa Mama

Tangu Jumanne gari linavuta kushoto.
Nikishuka Kibosho na mikungu thelathini na miwili
usukani unaniomba ruhusa ya kwenda mtaroni,
na nikifika sokoni Mbuyuni, gurudumu la mbele
ukilitemea mate linakujibu: chwaa.
Harufu ya pedi zilizoungua imeingia hata kwenye ndizi.
Mteja mmoja akainusa, akairudisha,
akaenda kwa jirani.

Fundi Kimambo hakuinama hata kutazama.
"Pistoni zimeshika. Tafuta kalipa nyingine,
laki moja na themanini."
Laki na themanini! Hizo ni bati sita za jiko la mama.
Nikanunua sili za raba, elfu kumi na mbili,
na mafuta ya breki, kopo moja,
nikarudi zangu Rau.

Jumapili, baada ya ibada ya kwanza,
Hailaksi iko juu ya jeki,
na chini ya chesesi nimepanga matofali,
maana jeki haina agano na mtu.
Kalipa nimeifungua, nimeiachia mpira wake wa mafuta,
inaning'inia kwa waya kama bandama buchani.
Ndani pistoni nne, mbili kwa mbili, zinatazamana
kama ndugu waliogombana msibani.

Kompresa sina. Hewa iko kwa wenye gereji.
Ila gari lina nguvu yake lenyewe:
mafuta, pedeli,
na mguu wa mtu.

Nikamwita mama.

Miaka sabini na minne, hajawahi kukaa upande ule.
Akapanda kwa kuukumbatia mlango, akafunga kanga upya,
akauliza, "Kipi?"
"Cha katikati. Polepole."
"Polepole unanifundisha mimi?
Cherehani nimeikanyaga miaka arobaini na mmoja."

Akakanyaga.
Ya kwanza ikachungulia. Ya pili.
Ya tatu ikaja mbio, inataka kudondoka.
Ya nne imekaa. Kutu imeivalisha soksi.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu:
ukiiacha moja ya hizi nyepesi itoke,
mafuta yote yatakimbilia mlango huo,
na kaidi atabaki na ukaidi wake mpaka kiama.
Kwa hiyo unawabana wanaotii
ili nguvu imkute asiyetii.
Klempu huku, kipande cha mninga kule,
vidole mbali. Pistoni haibagui mbao na kidole.

"Kanyaga, mama." Kimya.
"Tena. Hapo hapo, usiachie."
"Siachii."
Nikaigonga kalipa ubavuni kwa nyundo ya mpira,
nikaacha, nikagonga.
Jasho machoni, jogoo wa jirani anapiga kelele zisizo na saa.

"Ndeshi," akasema kutoka juu,
"namsikia mguuni.
Ni kama jinzi, pale mshono unapokutana na mshono.
Sindano inakataa kwanza,
halafu..."

Puu.

Mbao ikaruka. Mafuta yakanipiga shavuni.
Pistoni ikaanguka beseni, ikazunguka, ikatulia,
na pete ya kahawia kiunoni.
"Kimezama hiki!" mama akashtuka. "Nimeharibu?"
"Umemtoa, mama. Umemtoa."

Kilichobaki ni kazi ya mswaki mkuukuu:
kusugua ule mfereji mwembamba sili inapolala,
msasa laini, maji ya sabuni,
kupangusa haraka pale mafuta yalipogusa bodi,
maana yanakula rangi kuliko mchwa.
Sikuangalia saa. Nilipoinua kichwa
mama alikuwa bado juu,
mikono yote miwili kwenye usukani,
anautazama ukuta wa jirani na shuka zilizoanikwa
kama anaona barabara.

"Tumemaliza. Shuka, chai itapoa."

Hakushuka.
Alikivua kiatu cha kulia,
akanyoosha mguu, akaigusa pedeli ile ya pembeni
kwa ncha ya kidole, anavyopima kitambaa.

"Na hiki," akauliza, "ndicho cha kwendea?"