Saa za Shwari

Dohani ina mita mia na arobaini.
Hiyo naiingiza kwanza. Kisha joto la moshi mdomoni mwake,
kipenyo, kasi ya kutoka, gramu za salfa kwa sekunde.
Namba hizi zote nimeletewa na kiwanda chenyewe
katika barua yenye muhuri wa bluu,
kama mgonjwa aliyejipima homa
akamsomea daktari kipimajoto kwa simu.

Moshi hauendi ovyo, nilimwambia Vlastimil,
karani mpya, anayekula mkate na vitunguu juu ya ramani zangu.
Hupanda kwa joto lake, hujipinda,
upepo ukaushika mkono,
na kadiri unavyokwenda ndivyo unavyojitanua,
mzito katikati, mwepesi kingoni:
kengele iliyolazwa ubavu
kutoka Lomnov mpaka mpakani mwa Saksonia.
"Na ukigusa chini?"
Ardhi haiumezi. Huurudisha.
Ndiyo maana hesabu yetu huchimbia dohani ya pili
chini ya ile ya kwanza, kichwa chini miguu juu,
mita mia na arobaini kwenda kuzimu,
nayo hufuka kuelekea juu,
na mioshi miwili hukutana usawa wa pua.

Vlastimil alicheka.
Baba yangu alichimba makaa huko chini miaka ishirini na sita.
Kila nikiandika mstari ule, wenye alama ya kujumlisha katikati,
namwona kando ya dohani isiyokuwepo
anakohoa kutujia.

Upepo tunauweka kwenye asili, chini ya mstari wa sehemu.
Ukiwa mkali, moshi hugawiwa wengi,
kila mtu kidogo chake.
Ukipungua, fungu hukua.
Ukifika sifuri
mashine hukataa.
Huandika kosa kwa wino mwekundu, kishale kikapepesa,
kinangoja niulize swali jingine.

Na Januari, bondeni kwetu, upepo hufika sifuri.
Hewa ya baridi hulala chini kama ng'ombe mgonjwa,
ya joto huja kuikalia,
moshi ukakosa mlango.
Tangu tarehe kumi na moja hadi kumi na sita
Bi Kadlecová alianua shuka zenye madoa ya manjano,
chekechea ikaziba madirisha kwa magazeti,
na Hedvika wangu akalala ameketi,
mito mitatu mgongoni,
kifua kikipiga mluzi wa birika.
Nilihesabu pumzi zake hadi alfajiri.
Namba hiyo haina mahali pa kuingizwa.

Mwongozo unasema: saa zisizo na upepo
ziondolewe kabla ya kutafuta wastani.
Saa mia moja ishirini na tisa.
Kwenye jedwali jina lake ni shwari.
Shwari! Neno la mtu aliyeulizwa habari za nyumbani
na hataki maswali zaidi.

Nikaziondoa. Wastani wa mwaka ukatoka msafi,
chini ya kiwango, tarakimu mbili baada ya nukta.
Mhandisi Vondruška alinishika mkono kwa mikono miwili.
Alisema ramani imependeza, ina kijani kingi.

Usiku nilizirudisha.
Sikuwa na cha kuzijazia, kwa hiyo niliacha safu tupu:
tarehe, saa, na nafasi nyeupe,
tarehe, saa, na nafasi nyeupe,
kurasa nne, nyuma kabisa, baada ya marejeo,
mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika.
Vlastimil ndiye aliyezitia uzi. Hakuuliza.

Leo upepo ni wa magharibi, mita nne kwa sekunde.
Hedvika amekwenda shule mbio, begi likimpigapiga.
Nimesimama kizingitini nikiutazama moshi
unavyonyooka, mzuri, mtiifu, vile vile nilivyouchora,
unakwenda kwa watu ambao siwajui majina,
nami nikajikuta nimefurahi,
nikaingia ndani upesi
nikafunga mlango.