Komeo Ndani ya Soksi

Usianze na mtutu. Mtutu ni muongo:
wauzaji wa mnadani huupiga msasa, huupaka mafuta,
hata uape umezaliwa juzi.
Igeuze. Tafuta namba.

Mimi nilipanga barua posta ya Mjölby
miaka thelathini na mmoja; muhuri uliofifia haunitishi.
Nipe taji dogo lililogongwa juu ya herufi C,
nipe mwaka, 1899,
nipe herufi mbili za mkaguzi aliyeinama
kiwandani Eskilstuna, taa ya mafuta karibu na sikio,
nami nitakusomea kama anwani.

Kwenye kitako, upande wa kulia, kuna kisahani cha shaba
kilichowekwa baadaye. Kinasema mtutu umelika kiasi gani,
kama cheti cha daktari wa meno.
Nyuma yake, kwenye bamba la chuma, kikosi: wapanda farasi.
Ndiyo maana ni fupi.
Bunduki ndefu na tandiko hazipatani.

Mbao ni mjozi. Ikiwa inang'aa, ondoka.
Ikiwa ina kovu la kwato,
au jina la binti lililochongwa vibaya kwa ncha ya kisu,
uliza bei, kisha nyamaza.

Hayo yote alinifunza Alvar Tornefors, fundi saa,
siku aliyoniuzia namba 417
ghalani kwake, theluji ikijipenyeza chini ya mlango.
Darasa lilikuwa la bure. Bunduki haikuwa.
Jambo moja hakunifunza:
kulichomoa komeo na kulisoma kwa chini.

Nililisoma nyumbani. 471.

(Askari wawili, nadhani, kando ya zizi,
wanasafisha silaha juu ya blanketi moja. Jumapili.
Mmoja ana kichekesho kirefu kuhusu mke wa mchungaji.
Sajini anaita. Mikono inaokota vyuma,
huyu cha yule, yule cha huyu,
na farasi wanasubiri.)

Komeo langu lilikuwa ukutani kwa Alvar
ndani ya bunduki namba 471.
Alijua. Nilijua kwamba anajua.
Niuzie. Niuzie wewe.
Basi tubadilishane. Haya, anza.
Miaka ishirini na miwili tukasalimiana kanisani kwa kidevu tu.
Minadani nilipandisha bei ya vitu nisivyovitaka
ili vimuumize mfukoni, naye akanilipa kwa kipimo kile kile:
nina tandiko la jeshi mpaka leo.
Farasi sina.

Februari alikuja Ingegerd, mjane wake.
Hakuvua koti. Aliweka mezani soksi ya kijivu, ya kiume,
kisigino kimetiwa kiraka cha uzi wa bluu,
nayo ikagonga mbao kwa sauti niliyoitambua.
"Alisema nikupe. Na nisiondoke bila lile lake."
"Alisema lini?"
"Ijumaa, hospitalini. Baada ya kuulizia bili ya umeme."

Nililifunga lake katika kitambaa cha kufutia vyombo.
Tukanywa kahawa. Akazungumzia bomba lililopasuka,
nikazungumzia nyonga yangu.
Bunduki hakuna aliyeitaja.

Sasa kila kipande kinasema 417:
komeo, kifyatulio, bamba, hata kile kiskrubu cha pete.
Mthamini kutoka Linköping aliitazama kwa kioo chake,
akasema imepanda theluthi nzima, akanipa mkono.
Lakini jioni nikilisukuma komeo
linakwama nusu ya njia, kidogo tu,
mahali ambapo lile la kigeni lilipita
kama barua kwenye tundu la mlango.

Huwa nashika simu. Nataka kumuuliza Ingegerd
kama na lake linakwama.
Kisha naona saa imekwenda, nairudisha.

Soksi bado ninayo. Nimeifua.
Iko kwenye droo, pamoja na leseni.